Kimnazi cha Kivulini

Marehemu shangazi yangu aliacha vyungu vitatu vya kimnazi cha mapambo katika pembe ya ukumbi wake. Nilivipokea kwa furaha, nikavitoa barazani vipate jua, nikavinywesha maji ya kisima kila asubuhi. Mwaka haukutimia, viwili vikafa. Haya niyaandikayo leo nimefunzwa na kile kilichosalia.

Mmea huu, ambao wataalamu huuita Chamaedorea elegans, asili yake ni misitu ya mvua ya Meksiko na Guatemala. Huko huota chini ya miti mirefu, ambako jua hufika likiwa limechujwa na majani. Sisi wa pwani tumezoea mnazi, upendao jua la wazi na kustahimili chumvi, tukadhani kila wa ukoo huo yu vivyo hivyo. Sivyo. Jua la adhuhuri huyababua majani ya kimnazi hiki; mahali pake ni ndani, penye mwanga usio mkali, au pembe ya ua yenye kivuli.

Kuhusu maji, tia kidole udongoni kwanza. Ukiwa mkavu kwa kina cha pingili moja, nywesha mpaka maji yatoke tunduni, kisha mwaga yaliyotuama kisahanini, kwani mizizi ikikaa majini huoza. Visima vyetu vingi vina chumvi, nayo hujilimbikiza chunguni hata ncha za majani zikakauka na kuwa za kahawia. Yakingeni maji ya mvua. Ndiyo yanayokifaa zaidi. Udongo nao uwe wa mboji iliyochanganywa na mchanga wa mtoni, wala si wa ufuoni.

Jambo la mwisho: usikate kilele. Kila shina lina chipukizi moja tu la kukulia. Likikatwa, shina zima hufa. Majani ya chini yakikauka, hayo ni uzee, yaondoe bila wasiwasi. Wala usitarajie makuu kwa haraka, kwani mmea huu hukua polepole.

Chungu kilichosalia nimekirudisha ukumbini, pale pale kilipokuwa. Juma lililopita kimefungua jani jipya. Kumbe shangazi hakukiweka kivulini kwa kukisahau, alikuwa akikijua. Nami ningalimuuliza angali hai, vyote vitatu vingalikuwapo leo.