Uyoga Si Badala ya Nyama

Tumepokea swali kutoka kwa mama mmoja: kwa kuwa bei ya nyama imemshinda, je, akiwapikia wanawe uyoga kila siku atakuwa amewatosheleza? Swali ni jema, nalo lastahiki jawabu la wazi.

Uyoga ni halali na una heshima yake. Katika hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliutaja ule wa jangwani uitwao kam'a kuwa ni katika manna. Lakini heshima hiyo haiugeuzi kuwa nyama. Uyoga mbichi, zaidi ya asilimia 90 ni maji, ndiyo maana sufuria iliyojaa hunywea ikabaki ya kutosha sahani moja. Gramu 100 za uyoga uliopikwa zina protini baina ya gramu 2 na 4. Kunde zilizopikwa, kwa uzani huo huo, zina karibu gramu 8, na nyama ya ng'ombe hupata 25. Basi mama huyo na aupike pamoja na kunde, mbaazi au mayai.

Faida za uyoga ziko kwingine: vitamini za kundi B, potasiamu, shaba na seleni, na mafuta ni machache mno. Usiliwe mbichi, kwani una kitu kile kile kilichomo katika gamba la kamba, na moto ndio unaoulainisha tumbo lipate kuusaga. Ukichemshwa, maji yake yasimwagwe, maana sehemu ya vitamini na potasiamu huingia humo; yatiwe tui yawe mchuzi.

Kwa kina mama na mabinti wanaoshinda ndani kuna jambo zaidi. Uyoga uliokatwa vipande na kuanikwa juani adhuhuri, nusu saa hadi saa moja kabla ya kupikwa, hufanya vitamini D, ifaayo mifupa, na sehemu kubwa yake hubakia baada ya kupikwa.

Ama ule wa porini usiojulikana, hapo moto hausaidii. Sumu ya baadhi yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Kutapika na kuhara huweza kuanza baada ya saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha mgonjwa akaonekana amepata nafuu ilhali ini linaharibika. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali papo hapo, na uyoga uliosalia uchukuliwe ili daktari auone.