Pancha, bei na haki ya mja

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyejulikana sokoni Makka kwa uaminifu wake kabla hajapewa Utume. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita walimu wanne tulisafiri kutoka Tanga kwenda Kibaha kuwahi maziko yaliyopangwa baada ya Alasiri. Gari lilikuwa la kuazima. Tulipopita Mkata, tairi la nyuma liliishiwa upepo. Tulipolitazama tairi la akiba tukalikuta nalo limelala, na kosa hilo ni letu, kwa kuwa hatukulikagua kabla ya kuondoka. Tukajikokota hadi kwa fundi pancha mwenye kibanda na kompresa kando ya barabara. Adhana ya Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Tuliswali pamoja naye katika msikiti mdogo ulio jirani, naye akawa katika safu ya kwanza. Tukasema nyoyoni mwetu: alhamdulillahi, tumefika kwa ndugu yetu.

Baada ya swala fundi alilifungua tairi, akalipeleka nyuma ya kibanda. Aliporudi alisema lina matobo manne, na kila tobo ni shilingi 8,000; jumla shilingi 32,000. Mjini kwetu tumezoea kulipa 5,000 kwa tobo moja. Maiti alikuwa anatungojea, tukalipa, tukaondoka. Tulipokuwa njiani mwenzetu mmoja, aliyekuwa amekwenda nyuma ya kibanda kuomba maji ya kunywa, akatueleza aliyoyaona. Alimkuta fundi akilichoma tairi kwa chuma chenye ncha. Kwanza alidhani ni namna ya kulipima. Alipoisikia hesabu ya matobo manne akafahamu, lakini akaona haya kumfedhehesha mtu aliyetoka kuswali naye bega kwa bega.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji kwa sababu si la fundi mmoja, na wala si la tairi peke yake. Hatulitaji jina lake wala kibanda chake, maana kusudio letu ni nasaha.

Hatuna budi kwanza kubainisha kosa liko wapi. Wapo watakaosema kosa ni bei kubwa. La hasha. Watu wa Madina walipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba bei zimepanda, wakamwomba awapangie, alikataa kuwapangia, akihofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu katika mali yake. Fundi aliye mbali na mji hununua mafuta ya kompresa, hukaa juani kutwa, na pengine siku nzima hapati mteja. Lau angetuambia tangu mwanzo kwamba tobo moja ni shilingi 10,000, nasi tukaridhia, chumo lake lingekuwa halali, na tungemshukuru.

Kosa liko katika mambo matatu. La kwanza ni ghishi. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni aliingiza mkono wake ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu. Akamkemea muuzaji kwa kutouweka unyevu ule juu watu wakauona, na akamtoa mwenye kughushi katika mwenendo wake. Tairi lililopelekwa nyuma ya kibanda halitofautiani na lundo lile: aibu yake iko mahali ambapo jicho la mteja halifiki.

La pili ni kuharibu mali ya mtu. Mafundi wenye ujuzi wanatuambia kwamba kila tobo hupitisha maji hadi kwenye nyuzi za chuma zilizomo ndani ya tairi, zikashika kutu, na tairi likadhoofika. Mwenye kutoboa tairi zima haibi fedha tu, bali huweka roho za abiria katika hatari. Kisheria fundi ni dhamini wa alichokiharibu kwa makusudi. Ujira alioupokea kwa kuziba matobo aliyoyatoboa mwenyewe ni kula mali ya watu kwa batili.

La tatu ni kumnyonya mwenye dharura asiyejua bei. Mtume (S.A.W.) alikataza kuipokea misafara ya wafanyabiashara nje ya mji kabla haijafika sokoni, kwa sababu mgeni hajui bei ilivyo, akapunjwa. Na muuzaji yule akifika sokoni, anayo hiyari ya kuivunja biashara ile. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanbali wakampa hiyari mfano wa hiyo yule anayeitwa mustarsil, yaani asiyejua thamani ya kitu wala hawezi kujadiliana, akamwamini mwenziwe, akapunjwa kupita kiasi. Msafiri mwenye pancha porini, jua la utosi, na maiti anamngoja, kama si mustarsil ni nani?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi. Lakini nani atasafiri siku nzima kushitaki kwa shilingi 24,000? Katika dhulma ndogo ndogo kama hizi mlinzi wa kweli ni khofu ya Allah (S.W.) na jamii isiyonyamaza. Sisi tulinyamaza. Mwenzetu angesema palepale, kwa upole na faraghani, huenda fundi angetubu, na msafiri aliyefuata angesalimika.

Basi tunausia. Mteja apatane bei ya tobo moja kabla tairi halijafunguliwa, kwani ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi. Tairi litumbukizwe katika beseni la maji, au lipakwe maji ya sabuni, mbele ya macho yake; panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Aombe kuoneshwa msumari uliotolewa. Ajue kwamba tobo lililo ubavuni halizibwi kwa usalama, kwa hiyo fundi anayemwambia anunue tairi jingine huenda anamnasihi, asimdhanie vibaya. Na tairi la akiba lijazwe upepo kabla ya safari, kwani kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kumfunga ngamia wake.

Lakini tusimalizie hapa, ndugu zetu. Tuliporudi Tanga tulikusudia kuandika makala ya kuwalaumu mafundi. Tukafungua daftari la madrasa kutazama gharama za safari, na humo tukakuta deni. Yuko fundi pancha jirani na madrasa yetu ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akiziba matairi ya Hiace ya wanafunzi. Kila akidai tunamwambia avute subira, na wakati mwingine tunamwambia ahesabu kuwa ni mchango wake katika dini. Hakupata kusema kwamba anachangia. Sisi ndio tuliomsemea. Hesabu yake ilifika shilingi 45,000.

Sura ya Al-Mutaffifin tumezoea kumsomea muuza mchele na muuza mafuta. Tumesahau kwamba waliokemewa mwanzoni mwake ni wale ambao wakipimiwa hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunja. Mteja anayetaka kazi kamili kisha akachelewesha ujira ana fungu lake humo. Na mwenye kumtumikisha mtu, akaipata kazi yake kwa ukamilifu kisha asimpe ujira wake, ni mmoja wa watatu ambao Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama. Fundi wa Mkata alituchukulia 24,000 zisizo zake. Sisi tulishika 45,000 zisizo zetu.

Deni lile tumelilipa na msamaha tumeuomba. Mwenye gari tumemweleza yaliyotokea, na tairi tumelibadilisha kwa fedha zetu, kwa kuwa gari lilikuwa amana mikononi mwetu. Tunaziomba kamati za misikiti na madrasa zifungue madaftari yao kabla ya Ijumaa ijayo, zitazame nani anadai: fundi, seremala, muuza maji. Halafu maimamu wapande mimbari wawaase mafundi, na maneno yao yatakuwa na uzito.

Tunamwomba Allah (S.W.) azisafishe chumo zetu, amwongoe ndugu yetu wa Mkata, na atusamehe sisi na yeye. Wabillahi tawfiq.