Si lazima ununue nyingine

Juzi fundi mmoja aliniambia nitupe laptopu yangu ninunue nyingine. ThinkPad T440, ex-UK, na bado inaandika, inacheza video, inafanya kila kitu! Shida yake ilikuwa kelele tu. Nikirekodi sauti usiku hapa Nyeri, feni ndiyo mnaisikia kwanza, mimi baadaye.

Na kosa lilikuwa langu. Julai hii na baridi yake, nimekuwa nikifanyia kazi kitandani, laptopu juu ya blanketi. Matundu ya hewa yako chini, blanketi inayaziba. Hapo hata upepo wa Mlima Kenya haukusaidii. Shuleni tuliiita kipakatalishi, lakini hii hungeweza kuipakata, ingekuchoma mapaja.

Nilifanya hivi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa nikakishusha kutoka 100% hadi 99%. Asilimia moja tu, lakini inazuia chipu yangu ya i5-4300U kuruka hadi 2.9 GHz, inabaki 1.9. Halafu nikaifungua, nikatoa vumbi, nikapaka pesti mpya juu ya chipu. Ile ya zamani ilikuwa imekauka kama ukoko.

Sasa nikiandika, feni inanyamaza kabisa. Kutoa video ndiyo polepole, so naiacha ikisukuma nikipika chai.

Lakini wale wa "chomoa feni kabisa", tafadhali. MacBook Air ya M1 iliundwa bila feni. Hii yako haikuundwa hivyo. ThinkPad ikikosa feni inakuandikia "Fan error" na inakataa kuwaka.