Posho ya Kutembea, Posho ya Kukaa

"Nunua baiskeli, utapungua." Sentensi hii mwaka huu nimeisikia kwa daktari, kwa mtangazaji wa redio, kwa shemeji yangu, na kwa mheshimiwa mmoja aliyeitamka akiwa amesimama kando ya V8 yake, injini inaunguruma ili kiyoyozi kisizime. Wote wana nia njema. Lakini kwa maoni yangu wote wanaikosea baiskeli heshima, na sisi wenye vitambi wanatupa matumaini hewa.

Nasema "sisi" kwa sababu nimo. Nina miaka thelathini na ushei, kazi yangu ni kuandika, na kuandika ni kukaa. Ila mimi ni mtu wa Tabora, na mtu wa Tabora akiambiwa kwamba baiskeli ni kifaa cha mazoezi lazima ashangae kidogo. Huku kwetu baiskeli hubeba madumu ya asali kutoka porini, magunia ya mkaa, mabomba ya maji, mke na mtoto kwenda kliniki. Ukikuta mtu anaendesha baiskeli haina mzigo wala abiria, unajua anakwenda kuufuata.

Tuanze na hesabu, maana wauzaji wa baiskeli za gia hawapendi kuifanya. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kalori kama 7,700. Mtu wa kilo 70 akiendesha kwa mwendo wa wastani saa nzima anachoma kalori 400 hadi 500. Tuseme 450. Ukitoka kila Jumamosi kwa saa moja, na usiongeze tonge hata moja mezani, utahitaji Jumamosi 17 ili kilo moja iondoke. Miezi minne, kilo moja! Na tuambiane ukweli: nani anarudi kutoka kwenye msafara wa Jumamosi asiongeze tonge? Misafara hiyo naijua inakoishia. Inaishia kwenye nyama choma. Soda moja ya mililita 350 ina kalori kama 150, yaani dakika 20 za jasho lako, na sijaona anayekunywa moja.

Hata hesabu hiyo ni ya ukarimu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi, watu ambao bado wanawinda, wanachimba mizizi na kurina asali kwa miguu yao. Ungetegemea wawe wanachoma nishati kuliko mtu yeyote duniani. Walipopimwa, ikaonekana kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, kwa siku wanatumia nishati karibu sawa na Mmarekani au Mzungu wa Ulaya anayeshinda kwenye kiti. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili ni mhasibu mbahili: ukiutumbukiza kwenye gharama kubwa upande huu, unabana matumizi upande ule. Kwa hiyo Mhadzabe si mwembamba kwa sababu ya kutembea peke yake. Na chakula chake kimo. Wewe unayetaka kukanyaga pedeli huku sahani yako ikibaki ilivyo, mwili wako umeshakuwahi.

Basi baiskeli haina maana? Ina maana kubwa, ila si ile ya Jumamosi. Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuchunguza Waingereza zaidi ya 150,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli walikuwa wepesi kuliko waliokwenda kwa gari: wanaume kwa kilo 5 hivi, wanawake kwa kilo 4 na ushei. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakaonyesha kwamba waendao kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo ya kufa mapema kwa asilimia 41 kuliko wale wanaopelekwa na injini. Tafiti za aina hii hazithibitishi kila kitu. Huenda wenye afya ndio wanaothubutu kupanda. Lakini angalia neno lililojirudia: kazini. Watu hawa hawakutoka kwenda kufanya mazoezi. Walitoka kwenda kazini.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Baiskeli inaufaa mwili pale inapokuwa usafiri. Ikigeuzwa adhabu ya tumbo, itaning'inia ukutani kabla ya mfungo kuisha. Mtu anayekaa kilomita 5 kutoka ofisini, akienda na kurudi siku tano kwa mwendo wa polepole, anapata dakika kama 200 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300. Huyo amemaliza, na hajavaa hata bukta ya kubana.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi. Mji wangu una utajiri huu tayari, na tunauonea aibu.

Bodaboda zilipofurika, aliyekuwa na baiskeli ya daladala alionekana amebaki nyuma. Kijana akipata pesa ya kwanza ya tumbaku, anaitupa Phoenix ya baba yake stoo. Mwalimu akienda shuleni kwa baiskeli, wanafunzi wanajua mshahara wake. Wakati huohuo, mjini kuna mwenye gari ambaye ananunua baiskeli ya bei ya ng'ombe kadhaa, anaipakia kwenye gari hadi nje ya mji, anaiendesha nusu saa, anapiga picha, anaipakia tena. Baiskeli ni ileile ya magurudumu mawili. Mmoja anaitwa maskini na mwingine anaitwa mwanamichezo.

Siku moja nilimuuliza mzee mmoja anayebeba abiria kwa baiskeli kule Ng'ambo. Nilimwamkia, akaitika marahaba, nikamwambia, "Mzee, kazi hii si inakuweka fiti?" Akanitazama tumboni, akacheka. "Mwanangu, nyie mnaendesha ili mpungue. Mimi naendesha ili nisipungue."

Jibu hilo ni la zamani katika njia hii. Msafara wa Bagamoyo ulipita Mpwapwa, ukaja Unyanyembe, ukaishia Ujiji, kilomita kama 1,200. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO, na Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, wageni huja kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Wanauliza alilala wapi. Sijasikia anayeuliza mizigo ilifikaje. Ilifika vichwani na mabegani mwa watu. Wengine walitembea njia hiyo katika minyororo. Wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, walibeba frasila mbili, kilo kama 32, wakitembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Chakula chao cha siku kiliitwa posho: kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka, gramu kama 700. Piga hesabu. Ni kalori 2,400 hivi kwa mwanaume anayetembea juani na meno ya tembo begani. Mpagazi alikuwa mwembamba, naam. Asije mtu akaniambia ilikuwa siri ya afya.

Neno posho halikufa na misafara. Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Kwetu limepanda cheo: leo posho ni pesa ya kikao. Babu alipewa posho ili atembee, mjukuu anapewa posho ili akae, na katikati ya kukaa huko zinaletwa sambusa, maandazi na soda mbili. Nimehudhuria semina nyingi kama mwandishi, zikiwemo za magonjwa yasiyoambukiza, na kitambi cha mjini nakijua kinakotoka. Kimepikwa kwenye ratiba.

Tena kinalindwa na lugha. Ukipungua kidogo tu, mtaani utasikia, "Mbona umekonda, unaumwa?" Miaka ya tisini na baada yake, wembamba ulisomwa kama tangazo la UKIMWI, na watu wengi walikula ili wasisemwe. Ukinenepa unaambiwa umenawiri, maisha yamekukubali. Kwa mtu aliyekulia humo, kumwambia "pungua" bila kugusa aibu hiyo ni sawa na kumwambia arudi kuwa mpagazi. Ndiyo maana anatafuta baiskeli ya gharama, ili jirani aone kwamba anapungua kwa kupenda.

Na tusiwasahau wanaohubiriwa kuliko wote. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Haya, simama asubuhi barabara ya Kitete uhesabu wanawake walioshika usukani. Wengi utawaona wamekaa kwenye keria, wamebebwa. Msichana akiendesha ataambiwa anajiharibu, mama akiendesha ataambiwa hana adabu, na anayesema hivyo ndiye jioni atamwambia mkewe, "Fanya mazoezi, mama." Afanyie wapi? Mwanamke wa kwetu amepewa ugonjwa akanyimwa dawa.

Najua nitakavyojibiwa. Jua kali: kweli, lakini saa moja asubuhi Tabora kuna ubaridi hata wa kutaka sweta miezi ya Juni na Julai. Jasho ofisini: ofisi inayoweza kujenga maegesho ya magari yenye bati inaweza kujenga bafu moja. Hatari barabarani: hapa nanyamaza, kwa sababu ni kweli tupu. Mabasi na malori ya barabara ya Nzega hayamjui mwendesha baiskeli. Anajitupa kwenye mchanga ili apishe. Lakini hatari hiyo tumeijenga wenyewe. Tumejenga lami ya gari na kumwachia mwenye baiskeli vumbi, katika mkoa ambao baiskeli ndiyo gari la wengi.

Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitaja Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku yake. Siipingi. Watu wakikimbia pamoja wanachangamka. Lakini Jumamosi 12 za saa mojamoja ni saa 12 kwa mwaka. Yule wetu wa kilomita 5 anazifikisha kabla wiki nne hazijaisha, bila fulana ya kampeni wala hotuba ya mgeni rasmi. Serikali ikitaka tupungue, itupe barabara kwanza, fulana baadaye.

Kwa hiyo naomba vitu vya bei ndogo. Njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo wa zege, kutoka Ipuli na Cheyo hadi sokoni, na nyingine kwenda Kwihara. Na mtalii ataipenda. Vyuma vya kufungia baiskeli mbele ya kila ofisi ya umma na kila benki. Ofisi zinazolipia mafuta ya gari zimlipe hata nusu yake anayekuja kwa pedeli. Shule ziwafundishe wasichana kuendesha kama zinavyowafundisha netiboli. Na kwenye semina, tupeni karanga, matobolwa na maji. Soda mtuwekee pembeni, anayeitaka ainunue.

Uzito nao? Utafuata, polepole, kilo chache, kwa anayepunguza pia sahani. Usipofuata, moyo na mapafu yatakuwa yamefaidi, na nauli ya bodaboda, buku kwenda na buku kurudi, itakuwa imebaki mfukoni.

Mambo haya hupitishwa kwenye vikao, na vikao vina posho. Waheshimiwa mtakaoketi kujadili njia hiyo ya baiskeli, ipokeeni posho yenu, sina kinyongo. Ila wawili watatu njooni kwa baiskeli, mwone mtaiegesha wapi.