Ratiba ya shule ya nyumbani: anza na saa za mama, si masomo ya mtoto

Najua nimekuwa kimya sana hapa, na mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata. Itakuja. Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo mwanzoni halikuonekana kunihusu hata kidogo, yaani ratiba ya wiki ya watoto wanaosomea nyumbani.

Dada yangu anaishi Nakuru, ni muuguzi, na tangu mwaka jana anawasomesha watoto wake wawili nyumbani. Sababu ni zake, sitaziweka hapa. (Kabla hujamwiga, kumbuka Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, kwa hivyo ongea na wakili kwanza.) Binti ana miaka 13 na anafuata mtaala wa Gredi ya 8. Kijana ana miaka 16 na anajiandaa kwa mitihani ya IGCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika familia, ratiba niliachiwa mimi.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nilichukua ratiba ya shule na kuinakili. Sekondari msingi ina masomo 9, vipindi 40 kwa wiki, kila kipindi dakika 40, kwa hivyo nikaweka vipindi 8 kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Kijana naye nikampangia masomo yake 7 kwa zamu. Yote haya kwenye lahajedwali zuri sana, kila somo na rangi yake, na kisanduku ambacho mtoto akikibonyeza kinageuka kijani. Nilijivunia ile kazi. Niliwaonyesha hata wenzangu ofisini.

Wiki tatu mfululizo kila kisanduku kilikuwa kijani. Wiki ya nne nikampigia binti simu ya video tupitie aljebra pamoja, nikamwambia afungue mabano ya 3(x − 4). Akaandika 3x − 4. Nikadhani ni haraka tu. Nikampa nyingine, kosa lile lile. Nikamwomba anionyeshe daftari: kurasa mbili na nusu, kila swali limekosewa kwa namna ile ile, na hakuna kalamu nyekundu popote. Nilipomuuliza mbona hakumwambia mtu kwamba haelewi, alinijibu kwa upole tu, "Mjomba, hukusema niulize. Ulisema nimalize."

Hapo nilinyamaza kidogo.

Ukiangalia ratiba yangu, Jumatatu saa tatu asubuhi dada alipaswa kuwa anafundisha Sayansi Jumuishi. Saa tatu asubuhi, wiki ya zamu ya usiku, dada ndiyo kwanza ameingia nyumbani na anachotaka ni chai na kitanda. Nilikuwa nimepanga saa za watoto, ambazo zilikuwa nyingi, na nikasahau kabisa saa za mtu mzima, ambazo ni chache. Kwa mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta hii ni aibu. Tulifundishwa mwaka wa pili kwamba mpangilio wa kazi ndani ya mashine hauhusu wingi wa kazi, unahusu prosesa, kwa sababu ndiyo inayogombaniwa. Eliyahu Goldratt aliandika riwaya nzima kuhusu kiwanda, The Goal, ya mwaka 1984, kueleza jambo karibu na hilo: kiwanda hakizalishi zaidi ya uwezo wa kituo chake cha polepole. Nyumbani kwa dada, kituo hicho ni dada mwenyewe.

Basi tukaanza upya, na safari hii karatasi ya kwanza haikuwa na jina la somo hata moja. Tulichukua zamu zake za mwezi, tukaweka alama kwenye saa ambazo yuko nyumbani, yuko macho, na hapiki. Zilitoka kama 12 kwa wiki. Mimi nikaongeza 3, Jumanne na Alhamisi jioni. Jumla 15, kwa watoto wawili.

Sasa linganisha. Cambridge hukadiria saa kama 130 za kufundishwa kwa kila somo la IGCSE kwa kozi nzima. Masomo 7 ni saa 910. Ukigawanya kwa miaka miwili yenye wiki 36 za masomo kila mmoja, unapata karibu saa 13 kwa wiki, kwa kijana peke yake. Angebakia dada yake na saa 2. Masomo 5 ni kama saa 9, na binti anapata 6. Hesabu ya darasa la nne, lakini hakuna mtu aliyekuwa ameifanya, wala mimi. Kwa hivyo historia na biashara zilisogezwa hadi msimu mwingine wa mitihani, kwani mtahiniwa si lazima afanye masomo yote kwa mkupuo mmoja. Kijana alikasirika, historia ndiyo anayoipenda. Siku mbili hakutaka kuongea nami.

Saa 15 zikatengewa yale tu yanayohitaji mtu: kusahihisha hisabati, kusoma insha, kumsikiliza mtoto akieleza kwa mdomo. Kusoma kitabu, kufanya mazoezi, kutazama video, hayo yanajazwa katikati na hayahitaji rangi. Hisabati iko kila siku, hata kama ni dakika 25, kwa sababu tangu majaribio ya Ebbinghaus ya 1885 inajulikana kwamba akili husahau haraka kile isichorudia. Isitoshe, tangu 2025 hisabati ya IGCSE ina karatasi isiyoruhusu kikokotoo, na kijana wetu alikuwa hawezi kugawanya bila simu. Ijumaa mchana hakuna kitu. Hapo ndipo yanapoangukia yote yaliyoharibika kwa stima kupotea au bando kuisha.

Kisanduku cha kijani bado kipo, ila mtoto hawezi kukibonyeza. Kinabonyezwa na aliyesahihisha.

Najua kuna watakaosema mtoto wa sekondari ni mkubwa, ajitegemee. Kwa kijana nakubali nusu. Anaweza kukaa na fizikia saa mbili peke yake na akatoka na kitu. Lakini hata mimi, mwenye shahada na miaka kadhaa ya kazi, msimbo wangu haupelekwi kwa wateja kabla mwenzangu hajaupitia. Kwa nini mtoto wa miaka 13 apewe uhuru ambao mimi sina?

Na kuna swali gumu zaidi: je, ukihesabu saa zako upate 4? Au 2? Maoni yangu, na najua si kila mtu atayapenda, ni kwamba hapo tatizo haliko kwenye ratiba na hakuna programu ya simu itakayokusaidia. Ama umlipe mwalimu ajaze zile saa, ama umrudishe mtoto shuleni. Nilimwambia dada hivyo pia, kabla hatujamaliza kuhesabu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema tuendelee.

Haya, niwaache. Leo ni Alhamisi, na saa moja jioni nina kurasa mbili za mabano zinazonisubiri. Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, naahidi tena.