Wafadhili wa vyuo waandike miaka yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, linawasumbua wazee wengi huku Kusini Unguja. Kijana amepata nafasi mbili za udhamini, moja ya chuo cha Serikali na moja ya chuo cha binafsi. Aende wapi?

Sisi walimu wa skuli za msingi ndio tunaoletewa barua hizo. Mzazi wa kijijini haendi Wizarani kuuliza. Huja kwa mwalimu aliyemfundisha mwanawe kusoma, akaitoa barua kwenye mfuko wa plastiki na kusema: "Maalim, hebu nisomee, hawa wanasemaje?" Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyasoma kwa macho yangu, tena mara nyingi.

Wazee barazani hawasubiri barua imalizike kusomwa. Husema: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Kwao wao mbachao ni chuo cha Serikali, na chuo cha binafsi ni msala unaopita tu, leo upo na kesho haupo. Vijana nao hutazama penye fedha nyingi zaidi, wakamaliza. Mimi naona pande zote mbili zina haraka.

Nikianza na wazee, ningependa wakumbuke kwamba hapa Zanzibar vyuo vikuu vya binafsi ndivyo vilivyotangulia. Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, kilichoanzishwa na jumuiya ya Darul Iman, na Chuo cha Elimu cha Chukwani, kilichoanzishwa na shirika la Africa Muslims Agency la Kuwait, vyote viwili ni vya mwaka 1998. Chuo chetu cha Taifa, yaani SUZA, sheria yake ni ya mwaka 1999 na kilianza kusomesha mwaka 2001. Chukwani sasa kinaitwa kwa jina la Daktari Abdulrahman Al-Sumait, yule Mkuwaiti aliyefariki mwaka 2013, na walimu waliotoka pale wanafundisha katika skuli zetu za Serikali mpaka leo. Msala huo basi haukupita.

Tena kwa mtu wa Makunduchi, gari ni ile ile. SUZA iko Tunguu na Chuo Kikuu cha Zanzibar kiko Tunguu. Lakini hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi. SUZA si Tunguu peke yake. Pana Vuga, pale ubavuni mwa Mji Mkongwe, pana Beit el Ras kilipokuwa Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, pana Mbweni kwa masomo ya afya, pana Maruhubi kwa utalii. Kijana akisema "nimepata SUZA" bado hajakwambia atalala wapi. Wa Beit el Ras anatoka Makunduchi kwa magari mawili, na kama udhamini wake ni wa ada tu, basi nauli, chumba cha kupanga mjini na chakula ni juu ya mzazi. Nimewaona wazazi walioshangilia ada kulipwa, kisha wakashindwa na nauli.

Sasa niwageukie vijana. Kijijini kwetu yuko binti aliyepata udhamini kamili wa chuo kimoja cha binafsi, ambacho sitakitaja. Mfadhili alilipa ada, dahalia na vitabu, na kijiji kizima kilifurahi. Mwaka wa pili mfadhili akanyamaza. Chuo kikasema hakina habari, kinachojua ni kwamba ada haijalipwa. Barua ya binti yule ilikuwa na maneno haya tu: udhamini ni wa mwaka mmoja wa masomo na "unaweza" kuendelezwa. Neno hilo moja ndilo lililomrudisha nyumbani. Mama yake analima mwani, na mwani mkavu wa bamvu zima haulipi hata robo ya ada ile. Leo binti anatandika vitanda hotelini Paje. Siidharau kazi hiyo, kwani ni ya halali. Lakini alikwenda kusomea ualimu wa hisabati, na skuli zetu zinawahitaji walimu hao.

Mtu asije akanifahamu kuwa ninasema vyuo vya Serikali havina msukosuko. Mwaka 2016 unatosha kutufundisha. Mwanzoni mwa mwaka ule Tume ya Vyuo Vikuu ilivifunga vyuo vya Songea na Arusha vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph, ambacho ni cha binafsi, na wanafunzi wakahamishiwa kwengine. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kikubwa cha Serikali, waliamriwa kurudi makwao baada ya walimu wao kuacha kuwafundisha. Baadaye baadhi yao walipangiwa vyuo vya ualimu, wengine hawakupangiwa. Je, hapo mbachao ulikuwa upi?

Lipo na jingine, nalo ni kubwa kuliko wengi wanavyolidhani. Chuo cha Serikali si lazima kiwe na fedha za bure, na chuo cha binafsi hakimzuii kijana kupata fedha za Serikali. Bodi ya Mikopo ya Tanzania Bara, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya aina zote mbili. Sisi hapa tuna Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ya sheria ya mwaka 2011. Mkopo ni deni. Mzee akisikia "Serikali imemlipia" huona ni ile elimu ya bila malipo aliyoitangaza Mzee Karume tarehe 23 Septemba 1964. Siyo. Mtoto atakatwa mshahara wake miaka kadhaa, na ni vizuri alijue hilo kabla hajatia saini, si siku ya mshahara wa kwanza.

Mimi binafsi, barua mbili zikiwekwa mezani, sianzi kuuliza chuo ni cha nani. Natazama kama masomo yenyewe yametambuliwa na Tume, au na NACTVET ikiwa ni cheti au stashahada. Natazama miaka iliyoandikwa. Barua ya mfadhili ikitaja miaka yote mitatu, na kusema wazi ni alama gani mwanafunzi azipate ili asifutwe, nitamwambia mzazi aichukue hata kama chuo ni cha binafsi na jengo lake ni dogo. Isipotaja miaka, nitamwambia ashike mkopo wa Serikali, pamoja na deni lake. Deni linalojulikana mtu anaweza kulipangia.

Lakini si haki mzigo huu wote uwe juu ya mzazi na mwalimu wa kijijini. Naiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwatake wafadhili wote wanaodhamini vijana wetu waweke chuoni maandishi ya miaka yote ya masomo, na nakala ibaki kwa sheha wa shehia anakotoka kijana. Naiomba Bodi ya Mikopo iweke wazi utaratibu kwa mwanafunzi ambaye mfadhili wake amemwacha njiani, aombe wapi na lini, na tangazo hilo libandikwe kwa masheha, sio mitandaoni peke yake. Na ninyi wafadhili, msimpe kijana siku saba za kujibu wakati orodha ya Bodi bado haijatoka. Huku kwetu barua nyingine huingia katika simu ya jirani, na jirani mwenyewe yuko dago.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Skuli ya Msingi,
Makunduchi, Unguja.