Maradhi Hayangoji Mkalimani

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ya Kenya iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu ya korona. Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa kwa siku 15 hakuna kuingia wala kutoka, sawa na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi, kisha muda ukaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Ilikuwa Ramadhani. Watu wa Kibokoni na Ndia Kuu walifuturu huku vizuizi vya polisi vikiwa mwisho wa barabara. Waziri alilalamika kwamba wakazi walikuwa wamekataa kujitokeza kupimwa, na ni kweli, wengi hawakujitokeza. Riziki ya kutwa ilikuwa sababu mojawapo. Hofu ya karantini ya lazima, ambayo mwanzoni watu walitakiwa kuilipia wenyewe, ilikuwa nyingine. Kutoiamini serikali nako hapa kwetu hakukuanza mwaka ule.

Lakini ipo sababu ambayo haikupata hata kikao kimoja: maneno. Kila jioni tuliambiwa habari za "contact tracing", "community transmission" na wagonjwa walio "asymptomatic". Nyanya aliyeketi barazani alitakiwa kuelewa kwamba mjukuu wake mzima wa afya, anayecheza mpira uchochoroni, huenda ana virusi na anaweza kumwambukiza yeye. Kwa Kiswahili hiyo ni sentensi moja. Hakuambiwa.

Gazeti hili linapiga mbiu kwa sababu ugonjwa ujao utatukuta pale pale. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya maradhi ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yana asili ya wanyama, na katika maradhi mapya asilimia hiyo hufika 75. Kisiwa chetu kina bandari, mbuzi wanaoletwa kwa malori, kunguru wasiohesabika, popo, panya wa maghalani, na paka ambao Mji wa Kale hauwezi kufikiriwa bila wao. Wataalamu wana neno la mambo haya yote, "zoonosis", na limeshazoeleka kwenye warsha za hotelini. Shuka soko la Marikiti uulize maana yake kwa anayekata nyama kila alfajiri.

Kinachouma zaidi ni kwamba pwani hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kuyaita maradhi kwa majina. Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo iliingia Unguja ikakaa hadi Januari 1871. Daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi kule, James Christie, aliandika habari zake katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872, na jina alilolitumia ni lile alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Baadhi ya wataalamu wanaona neno "dengue", linaloandikwa leo katika kila kitabu cha tiba duniani, lilitoka katika neno hilo likapitia visiwa vya Karibi. Miaka 80 baadaye, homa iliyozuka uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ilipewa jina la Kimakonde, chikungunya, kwa jinsi ilivyomkunja mtu. Anayejua kukunja mkeka hahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Wazee walimtazama mgonjwa, wakaona anavyotembea, wakampa ugonjwa jina ambalo ndani yake mna dalili. Nasi wajukuu wao tunarudishiwa maradhi yale yale kwenye mabango ya Kiingereza.

Na yalirudi kweli. Mwaka 2004 chikungunya iliishika Lamu hivi kwamba watafiti walikadiria robo tatu ya wakazi waliambukizwa, yapata watu 13,500, kabla haijafika Mombasa na kuvuka bahari hadi Komoro na Réunion. Dengi ilitutesa mwaka 2013 na 2014. Desemba 2017 chikungunya ikarudi Mombasa, watu wakatambaa nyumbani mwao hadi mwaka uliofuata. Asili ya virusi hivi ni misituni, kwa nyani na kima. Siku hizi havina haja na msitu. Mbu wake anaishi nasi, anazaa kwenye pipa na mtungi, na kisiwa chenye bomba kavu mara kwa mara kina mapipa na mitungi kila ukumbi.

Sasa tazama ujumbe unaotolewa. Unazungumzia "vector control". Kijana aliyemaliza sekondari anaijua vekta, ni mshale wa somo la hisabati. Jambo lenyewe ni jepesi: mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakikukingi, funika pipa lako na ulisugue kila wiki maana mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo. Watu wetu wamefundishwa miaka mingi kwamba mbu ni malaria na malaria ni usiku. Asiyewaambia wazi kuhusu mbu wa mchana hajawaambia kitu.

Hatusemi wenye elimu ya Kiingereza ndio pekee wenye maarifa. Mwishoni mwa 2006 Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na Tana River na kuenea hadi Kilifi, ikaua zaidi ya watu 150 nchini, wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina lao, sandik, kwa damu itokayo puani mwa mnyama. Watafiti waliowahoji baadaye walikuta waliutambua ugonjwa mapema, kutokana na mvua kubwa, mbu wengi na mifugo iliyoharibu mimba, kabla mitambo ya serikali haijaamka. Idd-ul-Adha mwaka ule iliangukia siku zile zile, na mbuzi wa Idi wa mji huu wengi hutoka huko huko. Mtu mwenye kisu mkononi alihitaji kuambiwa mambo matatu: usichinje mnyama mgonjwa, damu yake isikuguse, nyama isiwe mbichi katikati. Jina "Bonde la Ufa" nalo lina hila yake. Mtu wa pwani akilisikia hudhani ni habari za Naivasha.

Hapo tukiri kwamba hata Kiswahili kikitumiwa ovyo kinadhuru. Mpox ilithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwishoni mwa Julai 2024, Taveta, na mwaka 2025 Mombasa ikawa miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi. Vyombo vya habari, nasi tumo, viliandika "homa ya nyani". Nyani alitajwa kwa sababu tu ugonjwa ulionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen, ilhali wanaoshukiwa kuubeba porini ni wanyama wadogo jamii ya panya na kindi, na safari hii ulienea kwa watu kugusana ngozi kwa ngozi. Msomaji wetu aliyewakwepa kima akamkumbatia rafiki mwenye vipele alidanganywa na kichwa chetu cha habari. Ndui tulikuwa nayo katika lugha. Tungeanzia hapo.

Halafu kuna herufi. Mtoto akiumwa na mbwa au paka, hospitalini husemwa anahitaji "PEP". Kwa mama wa Mombasa herufi hizo ni dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ndivyo alivyozisikia kliniki. Atashtuka, ataona haya, huenda akaondoka na mtoto wake. Kumbe ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa, na ambao serikali yenyewe, katika mpango wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014, iliahidi kuukomesha kwa binadamu ifikapo 2030.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tunaitaka Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa, pamoja na Wizara na kitengo cha taifa cha maradhi ya wanyama na watu, wasitoe tena onyo lolote la mlipuko kabla ya kuliandika kwa Kiswahili. Hatuombi tafsiri ya saa nne usiku iliyofanywa na karani aliyechoka. Waketi sasa, kabla ya mvua: daktari wa watu, daktari wa mifugo, mkaguzi wa nyama, mwalimu wa Kiswahili, imamu, na mchinjaji mmoja asiyeogopa kusema sijaelewa. Wayapime maneno. "Spillover" isiwe umwagikaji, kama tulivyoiona imeandikwa. Virusi huvuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, na hakuna mtu wa kisiwani asiyejua kuvuka. "Zoonosis" iwe maradhi ya wanyama yanayowapata watu. Jina hilo ni refu, ndiyo. Litaeleweka misikitini, sokoni na kwenye foleni ya feri.

Upande wetu, kuanzia leo hatutachapa jina la ugonjwa kwa Kiingereza bila kueleza kwa Kiswahili unaletwa na nini na unazuiwa vipi. Tukiteleza, tuandikieni.

Na usisubiri kikao hicho. Ukiumwa au ukiparuzwa na mbwa, paka au punda, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Itaje kwa jina hilo.